Mgongo wa Bibi Harusi

Katika ibada ya ndoa, watu humwona bibi harusi usoni kwa dakika chache tu: anapoingia ameshikana mkono na babake, na anapotoka akiwa na mumewe. Muda wote uliobaki, saa moja na nusu au mbili, mara nyingi huwa ameelekea madhabahuni huku kanisa zima likitazama mgongo wake. Wanaona mabega, wanaona mahali zipu inapoishia, wanaona jinsi gauni linavyovuta mbavuni anapopiga magoti. Ndivyo ilivyo katika kanisa kuu la Bikira Maria wa Consolata mjini Nyeri, na ndivyo ilivyo katika makanisa ya PCEA ya Mathira na yale ya Anglikana ya Kirinyaga. Lakini ingia duka lolote la magauni ya harusi. Utamkuta msichana amesimama wima mbele ya kioo, ameingiza tumbo ndani, amezuia pumzi, anajitazama kifuani. Anachagua vazi kwa upande ambao wageni wake watauona kwa muda mfupi zaidi, na kwa mkao ambao hataweza kuudumisha hata kwa urefu wa wimbo mmoja.

Nimewasindikiza wadogo zangu na binamu zangu katika maduka hayo, ya Nyeri, ya Nanyuki, na ya Nairobi ambako wengi hukimbilia wakiamini kwamba ndiko kuna uteuzi mpana. Swali ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Hili linanificha tumbo?" Au mikono. Au nyonga. Sijamsikia hata mmoja akiuliza kama gauni litamruhusu kucheka kwa nguvu. Hili linaniuma. Ushauri wote wa kuchagua gauni linalofaa umbo la mwili umegeuka ushauri wa kuficha, na msichana huingia dukani akiwa mshtakiwa.

Ushauri wenyewe tunaujua. Mwenye kifua kikubwa na miguu myembamba huitwa tufaha, mwenye nyonga pana huitwa peasi, mwenye kiuno chembamba katikati huitwa saa ya mchanga, asiye na hili wala lile huambiwa ni mstatili. Kisha kila tunda hupewa gauni lake. Sisemi ni uongo mtupu. Jicho hufuata mstari, na mshono ukipandishwa juu kidogo ya kiuno, miguu huonekana mirefu. Shingo iliyokatwa kama herufi V hurefusha shingo fupi. Satini inayong'aa hurudisha mwanga na kuonyesha kila mkunjo wa mwili, ilhali krepu, ambayo haing'ai, hutuliza. Fundi yeyote mzuri anayajua haya. Kasoro ya ushauri ule ni kwamba unampima mtu aliyesimama tuli, akitazamwa kutoka mbele, mikono ikining'inia. Na katika miji hii ya kuzunguka Mlima Kenya hakuna bibi harusi anayesimama tuli siku ya harusi yake.

Hebu ifikirie siku yenyewe. Alfajiri anavalishwa nyumbani kwao, pengine Othaya au Mukurweini, kwenye boma lililokaa mteremkoni. Akina mama wa upande wa bwana harusi wanafika langoni wakiimba, wanafungiwa, wanatozwa, wanaimba tena mpaka wafunguliwe. Bibi harusi anatoka akicheza polepole katikati yao. Anapanda gari kubwa lenye ngazi ya juu, ua mkono mmoja, pindo la gauni mkono wa pili. Anapiga magoti kanisani, anainuka, anatia sahihi. Anapelekwa kwenye mashamba ya chai kupigwa picha, au kwenye bustani ya hoteli yenye nyasi zilizolowa. Anafika hemani na kukata keki, kisha anakaribia kila meza na kukumbatia watu, yaani anainua mikono yote miwili kila baada ya hatua tatu. Halafu mugithi unaanza, watu wanashikana mabega na kwenda msafara mmoja, naye yuko mbele. Wazee wakiomba mwomboko, kuna hatua mbili na kukunja magoti, na mama mkwe anamngoja aone kama anajua kuyakunja.

Gauni la mkia wa samaki, lile linalobana mpaka magotini ndipo lichanue, ni zuri mno kwenye picha, na kuna miili linayoipamba kwelikweli. Lakini ni nani asiye na huruma atakayemvisha hilo aliyepangiwa siku kama hiyo? Gauni lenye kuchanua kuanzia kiunoni, au hata chini ya kifua, humwachia bibi harusi miguu yake. Nikiombwa shauri, nasema hilo kwanza, kabla ya kutazama nyonga za mtu.

Karatina kuna fundi ninayemheshimu sana, mama wa makamo mwenye futi shingoni na pini mdomoni. Siku moja binamu yangu alimpelekea gauni lililonunuliwa tayari, akilia kwamba limemkataa kwa sababu mikono yake ni minene. Fundi hakupima mikono. Alimwambia, "Mami, hebu chuma majani chai." Binamu yangu alizaliwa Chinga, kazi ile anaijua, akacheka na kuinua mikono mbele kana kwamba yuko shambani. Gauni zima likapanda nayo. Kiuno cha gauni kikahamia mbavuni, pindo likaacha vifundo vya miguu wazi. Fundi akashika mshono wa kwapani kwa vidole viwili, akauvuta, akatwambia tutazame. Kwapa la gauni lilikuwa limekatwa chini mno. Kwapa likiwa chini, mkono ukiinuka huinua vazi lote, na kitambaa hukaza kwenye mkono mpaka mkono uonekane mnene. Likikatwa juu, karibu na kwapa lenyewe, mkono huinuka peke yake na kiuno kikabaki mahali pake. "Mkono wako hauna neno," alimwambia. "Ni kwapa limeshuka." Akaongeza kipande kidogo cha kitambaa hapo chini, kila upande, chenye pembe nne, na ile aibu ya mikono minene haikusikika tena.

Jambo hilo limenifanya nifikiri sana juu ya nguo na mwili, kipi kimfuate mwenzake. Mababu zetu wa Kikuyu hawakuwa na mashaka. Mwanamke alivaa ngozi za mbuzi au kondoo zilizolainishwa kwa mafuta ya mbarika na kutiwa udongo mwekundu: muthuru, sketi inayozunguka nyuma, mwengu kwa mbele, na vazi la juu la kufunga begani. Ngozi zile zilifungwa mwilini kwa kamba. Mwili ukinenepa kamba inalegezwa, ukikonda inakazwa, mimba ikija vazi linahama nayo. Hakuna aliyeweza kusema kwamba muthuru umemkataa. Kisha zikaja misheni. Wamisionari wa Consolata waliingia Tuthu mwaka 1902 na punde wakawa Mathari, Waskoti wakafungua Tumutumu mwaka 1908, na pamoja na kusoma wasichana wakafunzwa kushona. Gauni jeupe likaingia pamoja na pete. Lilikuwa ni vazi la aina nyingine kabisa, vazi lililokatwa. Nguo iliyokatwa tayari ina mwili ndani yake kabla hujaivaa, na mara nyingi mwili huo ni wa mtu mwingine.

Ni wa nani? Mtindo wa gauni jeupe ulienezwa na Malkia Victoria wa Uingereza aliyeolewa mwaka 1840, na tangu hapo kasri limeendelea kushona ndoto za watu. Nyeri ina uhusiano wa karibu na hadithi hiyo kuliko wengi wanavyokumbuka. Binti mfalme Elizabeth alipoolewa na Philip Novemba 1947, koloni la Kenya lilimpa nyumba ya Sagana, chini ya mlima, iwe zawadi ya harusi. Wanyeri wana mengi ya kusema kuhusu zawadi inayotolewa juu ya ardhi ya wengine, na wana haki ya kuyasema. Hapa nalitazama gauni. Norman Hartnell aliyelibuni alilitia lulu ndogo zipatazo 10,000 na mkia wa futi 13, na wanawake 350 walilifanyia kazi kwa wiki saba. Wanawake hao wote, wiki hizo zote, kwa ajili ya mwili mmoja wa msichana wa miaka 21! Halafu muundo ule unaigwa kiwandani kwa vipimo vya wastani, unasafirishwa kwa kontena, unaning'inizwa kwenye duka la orofa ya pili mjini kwetu, na msichana wa Kiganjo anaambiwa kwamba tatizo ni makalio yake.

Tena kuna gauni la kasri ambalo nalipenda, na lenyewe lina mguu mmoja kwetu. Oktoba 2010 Mwanamfalme William alimposa Kate kwenye mlima huu wetu, wakiwa wamefikia kwenye kibanda cha mbao karibu na Ziwa Rutundu. Aprili iliyofuata Kate akaolewa akiwa amevaa gauni lililobuniwa na Sarah Burton, lenye mikono mirefu ya lesi. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, maduka yalijaa magauni yasiyo na mikono wala kamba za mabegani, na maharusi wetu waliyavaa huku wakitetemeka. Baada ya 2011 mikono ya lesi ilirudi kila mahali. Kwa mtu wa Nyeri ilikuwa neema. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki uko juu zaidi, na majira ya gathano, kuanzia Juni mpaka Agosti, ukungu unaweza kukaa mpaka saa sita mchana. Agosti nayo ni mwezi wa likizo, kwa hiyo ni mwezi wa harusi. Mwili uliopigwa na baridi hujikunja: mabega hupanda, kifua huingia ndani, ngozi ya mikono husimama vipele. Hakuna mstari wa mshono utakaompa mtu kama huyo umbo zuri. Mikono mirefu, bitana ya pamba ndani ya satini, na kikoti kilichoshonwa kwa kitambaa cha gauni lenyewe, hivi humfanya bibi harusi asimame kwa raha, na kusimama kwa raha hupendeza kwenye kila umbo. Isitoshe, makasisi na wachungaji wengi huku hawataki mabega wazi madhabahuni, na shali ya kuazima inayotupwa juu dakika ya mwisho huharibu kazi yote ya fundi.

Kuhusu rangi nitasema machache. Nyeupe kali, ile yenye ubuluu ndani yake, chini ya mbingu ya mawingu huifanya ngozi nyeusi ionekane imefifia. Rangi ya maziwa au ya krimu huipasha moto. Kipande cha kitambaa kipelekwe nje mlangoni kitazamwe kwa mwanga wa mchana, kwa maana taa za dukani zimewadanganya wengi.

Lakini walio moyoni mwangu zaidi ni maharusi ambao vitabu vya mitindo havina habari nao. Nenda kanisani Desemba, utamwona bibi harusi wa miaka arobaini na kitu, na anayemshikia mkia wa gauni ni binti yake mwenyewe wa kidato cha tatu. Wameishi na mumewe miaka kumi na tano, ruracio, yaani mahari, lililipwa kidogo kidogo, watoto wamesoma, na sasa wanabariki ndoa. Wakati mwingine parokia huwaunganisha kadhaa siku moja, wakajipanga mbele jozi kwa jozi. Huyo ni mwanamke ambaye mwili wake umefanya kazi. Amezaa, pengine kwa kupasuliwa, amebeba kuni na majani chai mgongoni, amesimama sokoni. Nimewaona wauzaji wakimletea gauni la msichana wa miaka ishirini na mbili, wakimkaza kamba za mgongoni mpaka midomo inabadilika rangi, eti arudi alivyokuwa. Kwa nini arudi? Mume anayemsubiri pale mbele anamjua alivyo.

Kwa mwanamke huyu kuna mambo ya kufanya, na ni ya heshima. Mshono wa kiuno usipite juu ya kovu la upasuaji, upandishwe mpaka chini ya kifua, mahali ambapo mbavu ni nyembamba hata kwa mtu mnene. Tumbo lisikazwe, lifunikwe na kitambaa chenye uzito kinachoshuka moja kwa moja bila kugusa. Mabega yaliyopanuka kwa kubeba ni fahari ya mgongo. Shingo pana ya gauni, inayofika karibu na ncha za mabega, huyafanya yaonekane ya kifalme. Na kwa wanaonyonyesha, ambao pia wapo, tena wengi, vifungo viwe mbele. Nimemwona mmoja akifungiwa chumba cha sakristia, wanawake watatu wakihangaika na vifungo vidogo thelathini mgongoni huku mtoto akilia, na wageni wakidhani ni sehemu ya ratiba.

Jambo moja zaidi kuhusu ukubwa. Namba zinazoandikwa kwenye magauni ya harusi ni za jedwali lake lenyewe, na kwa kawaida ziko juu kuliko namba za nguo za kila siku. Anayevaa kumi na mbili kazini huenda akaambiwa yeye ni kumi na sita. Nimeona machozi yakitoka kwa ajili ya namba iliyoandikwa na kiwanda. Ikatwe kwa makasi.

Wengi hawanunui. Wanakodi, na ni busara, ila wajue gauni la kukodi hutengenezwa liwaenee watu wengi: ndiyo maana mara nyingi lina kamba mgongoni badala ya zipu, ili lipanuke au lipungue kwa inchi kadhaa. Likipanuka sana, kamba zinaachana katikati na ngozi inabaki wazi, basi iombwe bitana ya kuziba hapo nyuma. Wengine wanachimba mitumbani. Gauni la harusi lililovaliwa siku moja huko ng'ambo hufika katika marobota, na wanaolipata mapema, likiwa bado kamera, yaani chaguo la kwanza, hupata lesi na hariri ambazo hakuna duka la bei yetu lingeziuza. Kinachotazamwa pale ni mambo ya ndani. Geuza gauni. Je, mishono imeachiwa kitambaa cha ziada pembeni, angalau inchi moja? Je, kuna mshipi wa ndani unaofungwa kiunoni? Mshipi huo ndio hubeba uzito wa sketi, na gauni lisilo na kamba za mabegani likiwa halina mshipi huo, bibi harusi atashinda akilivuta juu kwa mikono miwili mbele ya askofu. Lesi iliyochanika hushonwa. Gauni lisilo na kitambaa cha ziada ndani halina pa kwenda.

Na wapo wasiotaka jeupe kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ile ya kanisani, na aliyeolewa kwa kitenge ameolewa. Katika ngurario, sherehe ya ndoa ya Kikuyu, kuna tendo ambalo sichoki kulitazama: wasichana kadhaa wanafunikwa leso kuanzia utosini hadi miguuni, wanapangwa mstari, na bwana harusi anatakiwa amtambue wake. Hakuna kiuno cha kuonekana, hakuna kifua, hakuna uso. Wanaume wanaowajua wake zao hawakosei. Wanatazama mwendo walipokuwa wakiletwa, kimo, namna anavyoegemea mguu mmoja akichoka. Bibi harusi anajulikana kwa namna anavyojibeba, na hicho ndicho ninachomwomba fundi asikiharibu anaposhona jeupe la Jumamosi.

Kuna suala la wakati pia. Huku kwetu harusi nyingi za Desemba hupangwa baada ya bonasi ya majani chai kulipwa karibu na Oktoba, na kamati ikikusanyika, hema na chakula hutangulia, gauni huachwa mpaka Novemba. Mafundi wa Karatina na Nyeri wakati huo wamezidiwa, na gauni lililoharakishwa hushonwa kwa kioo cha mbele tu. Apelekewe kitambaa Septemba, hata kwa malipo ya awali madogo. Siku ya kujaribu, bibi harusi aende na viatu vile vile atakavyovaa, na nguo za ndani zile zile, kwa sababu pindo na kifua hupimwa juu ya hivyo. Aende na mtu mmoja, shangazi au rafiki anayempenda bila kumwonea wivu, na simu za wengine wote zizimwe. Apande ngazi na gauni. Apige magoti na kuinuka bila kushikwa. Aketi, ale andazi, anywe chai, kisha fundi atazame tena pale kiunoni.

Kipimo cha mwisho kiwe wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Katika wiki hizo kuna wanaojinyima mpaka kizunguzungu, wakishinda kwa maji ya ndimu na mkanda wa kubana tumbo chini ya sweta, kwa hofu kwamba vazi halitafunga. Ile inchi iliyoachwa ndani ya mshono iliachwa kwa ajili ya wiki hizo. Mwili ukiongezeka, fundi afungue mshono ashone upya, ni kazi ya nusu saa. Bibi harusi ale chakula chake cha jioni.